Kipupwe na Majira ya Baridi: Neno Moja, Mizigo Miwili

Twamjua kijana mmoja, mzaliwa wa Pangani, aliyepata nafasi ya kwenda masomoni Ulaya. Ofisi iliyoshughulikia safari yake ilimpa karatasi ya maelekezo iliyofasiriwa kwa Kiswahili, na humo mliandikwa kwamba wanafunzi watafika huko wakati wa kipupwe, kwa hiyo wachukue nguo zifaazo kwa majira hayo. Kijana alitii. Alifunga sweta moja, kofia, na shuka nzito aliyopewa na bibi yake, kwani hizo ndizo nguo za kipupwe huko Pangani. Alishuka kwenye ndege mwezi wa Januari, theluji imelala barabarani, naye miguuni ana makubadhi.

Hakudhurika sana, na siku hizi hadithi hiyo huisimulia mwenyewe kwa kicheko. Lakini sisi tulio katika kazi ya maneno hatuna ruhusa ya kucheka pamoja naye. Mfasiri wa karatasi ile hakukosea sarufi, wala hakubuni neno la ajabu. Alikutana na neno la Kiingereza 'winter', akatafuta jina la majira ya baridi katika Kiswahili, akalipata lililo safi na la asili, akalitumia. Wengi wetu tungefanya vivyo hivyo, na wengi tumekwisha kufanya: kipupwe chenye theluji kimo katika vitabu vya hadithi, katika masomo ya jiografia na katika habari za redio. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini jambo hilo lina hasara, na hasara hiyo yampata nani.

Tuanze na neno lenyewe. Kipupwe ni majira ya ubaridi katika pwani ya Afrika Mashariki, yaangukayo baina ya Juni na Agosti, baada ya mvua za masika kwisha na kabla ya demani kuingia. Upepo uvumao wakati huo ni kusi. Mnamo tarehe 21 Juni jua la utosi huwa limefika Tropiki ya Kansa, mbali upande wa kaskazini, na nchi zilizo kusini mwa Ikweta hupata miali iliyolala. Dar es Salaam, iliyo karibu na nyuzi 7 kusini, haiepuki hali hiyo, ingawa yaipata kwa kiasi kidogo. Jambo lenye nguvu zaidi ni upepo. Kusi hutoka katika bahari za kusini, ambako miezi hiyo ni ya baridi hasa, nao hupita juu ya maji mengi kabla ya kutufikia. Katika safari hiyo ndefu bahari huupunguzia ukali wake. Ndiyo sababu pwani yetu hupata ubaridi bila kupata baridi kali: usiku wa Julai kipimajoto cha Dar es Salaam hushuka kufikia kiasi cha nyuzi 18 au 19 za Selsiasi, na mchana hupanda mpaka 28 hivi. Mwezi wa Februari mchana hufika 32, na usiku haushuki sana chini ya 25.

Msomaji wa Makete au wa Nyandarua atauliza kama hiyo nayo ni baridi ya kupewa jina. Kwa mpwani ni baridi, na ina dalili zake. Watu hulala wamejifunika gubigubi. Chai ya tangawizi hunywewa hata na wale wasioipenda. Watoto wachanga huvishwa soksi, na mafua huzunguka nyumba hadi nyumba. Dalili iliyo sahihi kuliko zote imo jikoni na katika chupa za akina mama: mafuta ya nazi huganda. Mafuta hayo huyeyuka yanapofikia kiasi cha nyuzi 24, na kwa hiyo mwezi wa Februari huwa maji matupu usiku na mchana, ilhali asubuhi ya Julai huonekana meupe na magumu, na mtu hana budi kuiweka chupa juani au kuipasha mikononi kabla ya kujipaka. Hicho ni kipimajoto ambacho kila nyumba ya pwani inacho. Mtoto aliyeona mafuta yakiganda, akaambiwa na nyanya yake kwamba kipupwe kimeingia, amekwisha kupewa fasili ya neno hilo iliyo bora kuliko nyingi za vitabuni.

Baharini nako kipupwe kina maana yake. Kusi likiwa limekaza, mawimbi huumuka nje ya miamba, na wavuvi wenye vyombo vidogo hubaki ndani. Zamani za majahazi, vyombo vya Arabuni vilivyoteremka kwa kaskazi baina ya Desemba na Februari vilirejea kwa kusi la mwanzo, mwezi wa Aprili au Mei, au vikangoja kusi lilegee. Katikati ya kipupwe hakuna nahodha mwenye akili aliyetweka tanga kwa safari ndefu. Hesabu za mabaharia hao zilifuata mwaka wa jua unaoanza siku ya Nairuzi, wakahesabu siku zake kwa miongo, yaani makumi. Siku hizi Nairuzi, ambayo huko Makunduchi husherehekewa kwa jina la Mwaka Kogwa, huangukia mwezi wa Julai. Mwaka wa mabaharia, kwa hivyo, hufunguka katikati ya kipupwe.

Twaona basi kwamba dhana ya kipupwe imejengwa kwa mambo matatu: upepo, miezi, na kiasi cha ubaridi. Upepo ni kusi. Miezi ni Juni hadi Agosti. Ubaridi ni ule usiogandisha maji, bali wagandisha mafuta ya nazi. Swali la mwanaistilahi ni hili: tukilipeleka neno mahali pengine, ni jambo lipi kati ya hayo matatu ambalo halina budi kusafiri nalo?

Tuijaribu miji mitatu. Wa kwanza ni Durban, ulioko pwani ya Bahari ya Hindi hiyo hiyo, karibu na nyuzi 30 kusini. Mwezi wa Julai usiku wake hushuka mpaka nyuzi 11 au 12, na mchana hufika 23. Miezi ni ile ile, bahari ni ile ile, ubaridi umezidi kidogo lakini bado hauleti theluji. Mfasiri akiandika kwamba watalii huenda Durban wakati wa kipupwe kwa sababu ufuo wake una baridi isiyo kali, msomaji wa Mombasa hatapotoka. Atakisia miezi sawasawa, na nguo atakazokisia zitakaribia kutosha. Hapa hatuna ugomvi na mfasiri.

Mji wa pili ni Maskati, wenye wasemaji wengi wa Kiswahili, na ambao kwa karne nyingi umepokea vyombo vyetu na kutuletea vyake. Usiku wa Januari kipimajoto huko hushuka mpaka kiasi cha nyuzi 17 au 18, na mchana hufika 25. Kwa kipimo hicho Maskati ya Januari na Dar es Salaam ya Julai ni ndugu kabisa. Mtu akifumbwa macho akapelekwa huku na huku, ngozi yake haitamwambia tofauti kubwa. Je, hicho ni kipupwe? Kiasi cha ubaridi chasema ndiyo. Miezi na upepo vyasema siyo, kwani Januari ndiyo kaskazi yenyewe, wakati ambao pwani yetu yaungua. Na Juni, mwezi wetu wa kujifunika, huko joto hufika nyuzi 40. Mfanyabiashara wa Unguja akiandikiwa kwamba mzigo utafika Maskati wakati wa kipupwe, ataungoja miezi sita. Hapa ndipo tunapoona kwamba ubaridi peke yake hautoshi kulishika neno. Miezi ina nguvu kuliko kipimajoto, kwa sababu jina la majira kazi yake ya kwanza ni kutuambia lini.

Mji wa tatu ni London, au mji wowote wa kaskazini ambako maji huganda barabarani. Huko mambo yote matatu yamekataa: miezi ni Desemba hadi Februari, kusi halipo, na baridi ni ya namna nyingine kabisa. Na huko ndiko neno letu linakopelekwa kila siku. Laiti lingepelekwa Durban tu!

Wapo watakaotujibu kwamba maana za maneno hupanuka, na kwamba hatuwezi kulifungia kipupwe katika ufuo wa bahari. Jibu hilo lina ukweli, nasi tusingependa kuonekana walinzi wa makaburi. Maneno kaskazini na kusini yametokana na pepo zile zile mbili, na leo hutumiwa na mtu wa Kigoma ambaye hajawahi kuona jahazi. Neno msimu asili yake ni Kiarabu, nalo ni ndugu wa jina ambalo Wazungu wameziita pepo zetu za majira. Lilikuwa la wakati wa kusafiri baharini, na sasa tuna msimu wa pamba na hata msimu wa mpira. Vijana wa mijini nao huuita ubaridi wa kiyoyozi kipupwe, utani ambao sisi twaupenda, maana anayeutumia ajua vizuri kwamba anatania.

Mfano mzito zaidi ni wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Katika taarifa zake kwa umma, Juni hadi Agosti ndio msimu wa kipupwe kwa nchi nzima, pamoja na nyanda za juu za kusini ambako usiku hushuka chini ya nyuzi 10, na katika sehemu za Njombe na uwanda wa Kitulo umande huganda juu ya majani na kuunguza mazao. Mpwani aweza kushtuka kusikia kipupwe cha namna hiyo. Hata hivyo twaukubali upanuzi huo. Miezi haikubadilika, na nchi ni moja. Kilichobadilika ni ukali tu, nao hutajwa kwa tarakimu katika taarifa zenyewe. Mkulima wa Njombe na mvuvi wa Kilwa wakisoma taarifa moja watajua ni miezi ipi inayosemwa. Twaongeza tu, kwa ajili ya waandishi wa taarifa hizo, kwamba umande ulioganda una majina katika kamusi, sakitu na jalidi. Wengi huuita barafu tu, na hapo msomaji hajui kama pamenyesha mvua ya mawe au pameganda usiku.

Upanuzi tunaoukataa ni ule unaoligeuza neno likaeleza kinyume chake. Kipupwe kikiitwa majira ya Desemba, mwanafunzi wa Tanga afundishwa kwa neno la nyumbani kwake jambo linalopingana na nyumbani kwake. Atakuwa na njia mbili. Aweza kudhani kwamba Waingereza wana theluji mwezi wa Julai, naye atakosa mtihani wa jiografia. Au aweza kushika fasili ya kitabu, aamini kwamba kipupwe ni theluji na miti isiyo na majani, kisha amwone nyanya yake kuwa hajui Kiswahili. Hasara hii ya pili ndiyo kubwa, na ndiyo isiyosahihishwa na mtihani wowote.

Wafasiri waliotutangulia walikwisha kukutana na tatizo hili, na yafaa kutazama walivyofanya. Katika Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, kitabu cha Mwanzo, sura ya 8, aya ya 22, panapotajwa majira mawili ya mwaka yasiyokoma, wafasiri walitumia majina ya pepo zetu, kaskazi na kusi. Ukihesabu miezi utawalaumu, maana katika nchi ya Palestina kusi halivumi, na baridi ya huko huja wakati wetu wa kaskazi. Lakini aya ile haihesabu miezi. Yasema juu ya mzunguko wa mwaka, na msomaji wa pwani hana mzunguko anaoujua vizuri kuliko huo. Penginepo, katika Mathayo 24:20, panaposemwa habari za watu watakaokimbia katika nchi ya Uyahudi, wafasiri hao hao waliandika wakati wa baridi tu. Huko mtu akimbia kwa miguu yake katika mahali pajulikanapo, na baridi ni baridi itakayomwuma. Tofauti hiyo ni fundisho kwa mfasiri wa leo: mahali pamoja wametafsiri mzunguko, mahali pengine wametafsiri hali ya hewa, wala hawakulilazimisha neno moja kufanya kazi zote mbili.

Sura ya 106 ya Kurani nayo yataja safari mbili za Makuraishi, ya shitaa na ya swaifu. Wafasiri wa Kurani hueleza kwamba ya kwanza ilikuwa ya kwenda Yemeni, na ya pili ya kwenda Sham. Tukisema safari ya kipupwe, msomaji wa Lamu atafikiri ni Juni, na hekima yote ya safari ile itampotea, kwa kuwa misafara ilielekea kusini kwenye joto wakati kaskazi ya Arabuni ina baridi, kisha ikaelekea Sham joto lilipozidi. Siku za baridi ni maneno mepesi, lakini yatosha.

Hapo twafika kwenye neno tunalolipendekeza, nalo si geni: majira ya baridi. Wapo wanaolidharau kwa kuwa ni maelezo, si jina. Sisi twaona huo ndio ubora wake. Neno baridi ni pana. Mwaka 1848, Johannes Rebmann alipouona weupe wa Kilimanjaro akamwuliza kiongozi wake ni kitu gani, alijibiwa kwa neno hilo hilo la baridi. Lafaa kwa ubaridi wa Pangani na kwa theluji ya mlimani, nalo halidai miezi wala upepo. Kwa hiyo majira ya baridi yawe jina la jumla, na kipupwe kiwe jina la aina moja ya majira hayo, yaani yale ya pwani yetu na ya nchi zetu, yaangukayo Juni hadi Agosti. Katika lugha ya wanaistilahi, la kwanza ni dhana kuu na la pili ni dhana ndogo iliyo ndani yake. Kila kipupwe ni majira ya baridi. Si kila majira ya baridi ni kipupwe.

Je, tukiwa na nchi yenye majira ya baridi yasiyo makali, kama Maskati au Aleksandria? Tumeona mahali pengine pameandikwa baridi ya upole. Upole ni tabia ya mtu na ya mnyama, na kuupachika kwenye hali ya hewa ni kufuata Kiingereza hatua kwa hatua. Kiswahili husema baridi isiyo kali, au baridi kidogo, au kwa neno moja ubaridi. Hayo yatosha, na tarakimu za nyuzi zikiongezwa hapatakuwa na shaka.

Majina mengine ya majira yana matatizo yake, nasi hatutayamaliza hapa. Kiangazi, kinachotumiwa kwa majira ya joto ya Ulaya, pwani ni wakati wa jua kali la Januari na Februari. Lakini kwa mkulima wa Dodoma ni ukavu wote unaofuata mvua, pamoja na Julai yenye usiku wa kujifunika. Vuli lina bahati ya kuangukia miezi inayokaribiana na ile ya kupukutika kwa majani huko kaskazini, ila vuli yetu ni mvua na kuchipua, hivyo mtoto asomaye kwamba miti hukauka wakati wa vuli ana haki ya kuuliza. Masika kwa majira ya kuchipua ya Ulaya hatulipendi kabisa. Majira ya joto, majira ya kupukutika na majira ya kuchipua ni marefu kidogo, lakini hayamdanganyi mtu.

Kwa mwalimu twashauri kwamba somo la majira lianze Julai, chupa ya mafuta ya nazi ikiwa mezani. Wanafunzi wakishajua kwamba mafuta huganda kwenye nyuzi 24 na maji kwenye nyuzi 0, watakuwa na ngazi ya kushukia mpaka London bila kupotea njiani. Kwa mtumishi wa serikali twashauri jambo moja tu: kila jina la majira liandikwapo kwa mara ya kwanza katika waraka, lifuatwe na miezi yake. Gharama yake ni maneno matatu au manne.

Karatasi ya yule kijana wa Pangani, kwa mfano, ingeliandikwa hivi: 'Wanafunzi watafika mwezi wa Januari, katikati ya majira ya baridi ya huko, yaani Desemba hadi Februari. Maji huganda nje, na huenda theluji ikaanguka. Wachukue koti zito, soksi za sufi na viatu vilivyofunikwa.'